Je, Wajua? Kadi ya Maktaba na Muziki Usiopigwa Redioni

Muziki mbadala ni ule ambao redio haziupigi mchana na maduka hayaupangi dirishani: panki, bluzi za mashambani, jazi isiyotaka kutulia, nyimbo za mbali ambazo hazijapata tajiri wa kuzitangaza. Wapenzi wake wakikutana huulizana, "Wewe uliusikia wapi mara ya kwanza?" Na huko Marekani na Ulaya jibu mojawapo linalorudi tena na tena ni maktaba ya umma. Haya ndiyo niliyoyakusanya juu ya undugu huo.

Santuri moja ilizidi ujira wa siku nzima

Mwaka 1908 kampuni ya Victor ya Marekani iliuza santuri yenye kipande kimoja cha opera, kilichoimbwa na watu sita akiwemo Enrico Caruso, kwa dola 7. Upande wa pili ulikuwa mtupu! Miaka sita baadaye Henry Ford alishangaza dunia kwa kutangaza ujira mnono katika kiwanda chake cha magari, na ujira wenyewe ulikuwa dola 5 kwa siku. Ni katika miaka hiyohiyo ya 1910 ambapo maktaba ya mji wa Saint Paul, jimbo la Minnesota, ilianza kuazimisha santuri, na inatajwa miongoni mwa za kwanza kabisa kufanya hivyo. Asiye na dola 7 sasa aliweza kumchukua mwimbaji mkubwa hadi sebuleni kwake, akamsikiliza mpaka akatosheka, kisha akamrudisha.

Kabla ya kuazima, lete sindano

Maktaba nyingi za Uingereza zilizoazimisha santuri zilikuwa na sharti ambalo kijana wa leo hawezi kulidhania. Ulitakiwa kuchomoa sindano ya mashine yako na kwenda nayo kaunta ili ikaguliwe. Mkutubi aliiweka chini ya hadubini ndogo, akatazama kama ncha imechakaa, maana sindano mbovu hulima mifereji ya santuri na uharibifu wake hauna dawa. Ukishapita hapo, santuri ilitolewa kwenye jalada lake, ikageuzwageuzwa chini ya taa, na kila mkwaruzo ukatiwa alama kwenye kadi iliyochorwa duara kuonyesha uso wa santuri. Siku ya kurudisha, kadi inatolewa tena. Mkwaruzo usiokuwemo kwenye duara ni wako.

Nazipenda sana kadi hizo. Bendi ambayo haikuwahi kusikika redioni ilikaguliwa kwa jicho lilelile lililomkagua Beethoven.

Duka haliruhusiwi, maktaba ruhusa

Tangu mwaka 1984 sheria ya Marekani inakataza duka kukodisha santuri, kaseti au sidii bila idhini ya wenye haki, lakini maktaba isiyotafuta faida imeachwa huru kuziazimisha. Mzizi wa uhuru huo ni wa zamani zaidi. Mwaka 1908 mchapishaji wa riwaya iitwayo The Castaway alitaka kitabu chake kisiuzwe chini ya dola 1. Duka la Macy's likakiuza kwa senti 89, wakapelekana mpaka Mahakama ya Juu, na mahakama ikasema aliyekwisha kununua nakala kihalali ana hiari ya kuiuza tena kwa bei aitakayo. Ugomvi wa senti 11 ukasaidia kujenga haki ambayo maktaba za nchi hiyo zinaitegemea hadi leo.

Sidii zinazoupita Kilimanjaro

Uholanzi ni nchi tambarare, lakini mjini Rotterdam kuna kitu kirefu kuliko mlima wetu. Ni hazina ya muziki iliyoanzishwa mwaka 1961 kwa jina la Centrale Discotheek, na leo inaitwa Muziekweb. Ina sidii zaidi ya 600,000 na santuri zipatazo 300,000, na wanachama wa maktaba za umma nchini humo wameweza kuziagiza kupitia maktaba zao. Kasha la kawaida la sidii lina unene wa sentimita 1 hivi. Ukizipanga sidii hizo moja juu ya nyingine utafika mita 6,000, na Kilimanjaro una mita 5,895.

Na ukitaka kuzisikiliza zote, kwa makadirio ya saa moja kila sidii, usiku na mchana bila kulala, utahitaji miaka 68. Duka lazima liuze ndipo liishi, kwa hiyo albamu isiyotoka huondolewa. Maktaba haina haraka hiyo: albamu inaweza kukaa rafuni miaka mingi ikimsubiri mtu mmoja tu, na huyo mmoja akija, imefanya kazi yake.

Kijana aliyejibiwa "hatuna"

Miaka ya 1930 kijana wa London aitwaye Patrick Saul alikwenda British Museum, ambako ndiko ilikokuwa maktaba kuu ya nchi, akaomba kusikiliza santuri ya sonata ya mtunzi Dohnányi iliyokuwa imetoweka madukani. Akaambiwa hawana, na zaidi ya hapo hawahifadhi santuri za aina yoyote! Hakuisahau siku hiyo. Mwaka 1955 taasisi aliyoipigania, ya kutunza rekodi za sauti, ilifungua milango yake, na mwaka 1983 ikaingizwa katika Maktaba ya Uingereza. Leo hazina hiyo ina rekodi zaidi ya milioni 6.

Chuo kikuu cha Frank Zappa

Frank Zappa, mmoja wa watunzi wabishi kuliko wote katika roki ya Marekani, alipata sehemu kubwa ya elimu yake ya muziki kwenye vitabu na santuri za maktaba. Kisa chake kinaanza akiwa kijana mdogo huko California, alipokutana jaridani na habari za mtunzi Edgard Varèse, ambaye muziki wake ulisemwa vibaya, eti ni ngoma na kelele zisizovumilika. Wengine wangefunga ukurasa. Zappa akaanza kuisaka santuri ya muziki huo. Alipoiona dukani bei yake ilikuwa dola 5.95, naye hakuwa na kiasi hicho, ikabidi apunguziwe.

Alipotimiza miaka 15 mama yake alitaka kumzawadia dola 5. Akaomba badala yake aruhusiwe kupiga simu ya mbali hadi New York, kwa Varèse. Mzee hakuwepo siku hiyo, akaongea na mkewe. Mwaka 1966 bendi yake ilipotoa albamu ya kwanza, Freak Out!, Zappa aliwaandikia vijana kwenye jalada lake kwamba kama wana ujasiri waende maktaba wajielimishe wenyewe. Sijui jalada jingine la roki linaloitangaza maktaba waziwazi namna hiyo.

Coltrane na hedifoni

John Coltrane, kabla dunia haijalijua jina lake, alikuwa akienda maktaba ya jiji la Philadelphia pamoja na rafiki yake Jimmy Heath, wote wapiga saksafoni wachanga, kuvaa hedifoni na kusikiliza muziki wa okestra wa watunzi wa Ulaya, Stravinsky akiwa mmoja wao. Heath mwenyewe ndiye aliyesimulia. Maktaba hiyohiyo ina hazina nyingine, iliyoanza kwa zawadi ya mwaka 1929: zaidi ya kazi 21,000 za okestra, kila moja na karatasi za kila mpigaji, na okestra za nchi mbalimbali huziazima.

Vyura, vyuma chakavu na matari ya Lamu

Kampuni moja ya santuri ilitoa albamu 2,168 na hakuna hata moja iliyowahi kufutwa kwenye orodha yake. Hiyo ni Folkways, aliyoianzisha Moses Asch mjini New York mwaka 1948. Asch alirekodi dunia nzima kama ilivyo. Kuna albamu ya sauti za vyura wa Marekani Kaskazini, ya mwaka 1958. Kuna ya jalala la vyuma chakavu na kuna ya ofisi, zote za mwaka 1964, mashine za chapa zikigonga. Ni nani hununua santuri ya jalala? Maktaba na shule. Hao ndio waliokuwa wateja waaminifu wa Folkways, na ndiyo sababu rekodi zake ziliwafikia watu ambao wasingezinunua kamwe.

Asch alifariki mwaka 1986. Mwaka uliofuata taasisi ya Smithsonian ikaichukua kampuni kwa sharti moja zito: albamu zote zibaki zinapatikana daima, ziwe zinanunuliwa au hazinunuliwi.

Na sisi tumo humo. Mwaka 1952 Folkways ilitoa nyimbo za Watutsi wa Ruanda-Urundi, kama nchi hizo zilivyoitwa wakati huo. Mwaka 1985 zikafuata santuri tatu za muziki wa Waswahili wa Lamu, ya kwanza ikiwa ya maulidi. Mtu wa Chicago asiyewahi kuiona Bahari ya Hindi angeweza kuvuta rafuni, baina ya vyura na vyuma chakavu, matari na kaswida za kisiwani. Mimi hili hunifurahisha kuliko tuzo nyingi za muziki.

Nyimbo 84 zisizotaja rangi ya mtu

Mwaka huohuo wa 1952, Harry Smith, mtu wa miaka 29 asiye na cheo wala mshahara wa maana, alichagua nyimbo 84 kutoka kwenye lundo lake la santuri za miaka ya 1920 na mwanzo wa 1930. Folkways ikazitoa kwenye santuri sita kwa jina la Anthology of American Folk Music. Katika kijitabu cha maelezo Smith hakutaja kwa makusudi nani ni mweusi na nani ni mweupe. Marekani ya wakati ule ilitenganisha watu mpaka kwenye viti vya basi, na kampuni za santuri zilikuwa zimeuza muziki huo kwa orodha mbili, kila rangi na yake. Wasikilizaji wakakisia, na wengi wakakosea.

Bob Dylan na rika lake walizinywa nyimbo hizo. Dylan ana deni jingine pia: ameandika kwamba alipofika New York alikwenda maktaba ya umma kusoma magazeti ya miaka ya 1850 na 1860 kwenye mikrofilamu, akitafuta namna watu wa enzi ile walivyozungumza na kuhangaika. Smith alipewa tuzo ya Grammy mwaka 1991, miaka 39 baada ya kazi hiyo, na akafariki mwaka huohuo.

Mkulima aliyejisikia kwa mara ya kwanza

Muddy Waters, baba wa bluzi za Chicago, alirekodiwa kwa mara ya kwanza na maktaba. Agosti 1941 Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani na John Work wa Chuo Kikuu cha Fisk walifika shamba la Stovall, Mississippi, wakamkuta kijana anayefanya kazi shambani na kupiga gitaa. Walipomchezea rekodi yake, Muddy alisikia sauti yake ikitoka kwenye mashine na kugundua kwamba ni mwimbaji kweli. Alipotumiwa santuri mbili na dola 20, alivaa suti yake akaenda kupiga picha ameishika moja. Mwaka 1943 akahamia Chicago. Wimbo wake mmoja wa mwaka 1950 ndio uliowapa jina vijana wa London waliojiita Rolling Stones.

Kiumbe nusu mtu, nusu paa

Mwimbaji wa kantri Jimmie Rodgers alifariki Marekani mwaka 1933 bila kukanyaga Afrika, lakini mwaka 1950 wasichana wa Kikipsigis walikuwa wakimwimba huko Kapkatet, Kenya. Santuri zake zilikuwa zimefika Bonde la Ufa kabla ya mtu yeyote kuwaeleza ni nani. Jina lake likawa Chemirocha, na sauti yake ile ya kupanda na kukatika ikawafanya wamchukulie kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, akawanasa wakiimba.

Miaka miwili baadaye, Jadotville ya Katanga, ambayo leo ni Likasi, Tracey alimkuta barabarani kijana mwenye gitaa. Alikuwa Mwenda Jean Bosco, mwimbaji wa Kiswahili cha Katanga, anayezidona nyuzi kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, na ukimsikia utaapa kuna magitaa mawili. Wimbo wake Masanga ulishinda tuzo ya Osborn kama rekodi bora ya muziki wa Kiafrika ya mwaka 1952. Mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani.

Rekodi hizi zimo katika maktaba aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, International Library of African Music, ambayo sasa iko Makhanda, Afrika Kusini. Mfululizo wake wa Sound of Africa una santuri zaidi ya 200, na maktaba za vyuo za mabara mengine zilizinunua. Kilichonigusa zaidi ni hiki: zaidi ya miaka 60 baada ya ziara ya Tracey, watu wa maktaba hiyo pamoja na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha nyimbo Kapkatet, na baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai. Wakajisikia wakiwa vijana. Laiti maktaba zote zenye sauti za watu wa mbali zingefanya hivyo.

Panki chini ya ardhi, ndani ya maktaba

Maktaba ya umma ya Washington ilianza mwaka 2014 kukusanya rasmi muziki wa panki wa jiji lake, na ili watu waamini, iliandaa maonyesho ya bendi hizo kwenye ghorofa yake ya chini ya ardhi. Jengo lenyewe, Maktaba ya Martin Luther King Jr., ni kazi ya mbunifu Mies van der Rohe, na lilifunguliwa mwaka 1972. Kelele za gitaa zilipigwa mahali ambapo watu huombwa kunyamaza!

Wanachokikusanya kina historia nono. Mwaka 1980 bendi ya vijana wa sekondari, Teen Idles, ilisafiri hadi California. Ukumbi mmoja wa San Francisco uliwaruhusu kuingia kwa sharti la kuchorwa herufi X kubwa mikononi, ili watu wa baa wasiwauzie pombe. Wakarudi na wazo hilo nyumbani, na X ile ikawa alama ya vijana wa panki wasiokunywa, mpaka nje ya Marekani. Santuri yao, Minor Disturbance, ilitolewa nakala 1,000, na majalada waliyakata, wakayakunja na kuyagundisha kwa mikono yao. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya kampuni ya Dischord, ambayo ingali hai.

Jijini humohumo kulikuwa na Bad Brains, vijana weusi walioanza na jazi, wakageukia panki na kuipiga kwa kasi ambayo wengine walishindwa kuifuata, kisha wakaingia Urasta. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1982, ilitoka kwa kaseti tu. Karatasi za fotokopi zilizotangaza maonyesho ya namna hii, zile za kubandikwa nguzoni na kunyeshewa na mvua, leo zimewekwa kwenye makasha ya maktaba pamoja na kanda na majarida ya kuchapwa nyumbani. Kijana anaweza kuyaomba, akakaa mezani, akayasoma.

Kutoka kiti cha maktaba hadi rafu ya taifa

Waandishi wa maisha ya Kurt Cobain wanasema kwamba akiwa kijana asiye na makazi ya kudumu mjini Aberdeen, jimbo la Washington, alishinda maktabani akisoma vitabu. Mwaka 1991 bendi yake, Nirvana, ilitoa Nevermind, na Januari 1992 albamu hiyo ikamng'oa Michael Jackson kwenye nafasi ya kwanza Marekani.

Maktaba ya Bunge la Marekani huchagua kila mwaka rekodi 25, zenye umri usiopungua miaka 10, za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Nevermind iliingia katika orodha ya mwaka 2004. Mwaka uliofuata ikaingia Daydream Nation ya Sonic Youth, kisha albamu ya kwanza ya Velvet Underground, na baadaye Patti Smith na Ramones. Muziki ulioanzia vyumba vya chini sasa una ulinzi uleule wa hotuba za marais.

Adele baina ya rafu

Adele aliimba katika maktaba ya Lancaster, kaskazini mwa Uingereza, kabla hajawa Adele wa dunia nzima. Ilikuwa katika mpango wa Get It Loud in Libraries ulioanza hapo mwaka 2005, na Florence and the Machine nao walipita. Kwa mtoto wa mji mdogo ambaye ukumbi wa karibu haumruhusu kuingia kwa sababu ya baa, maktaba iliyo jirani ndiyo ukumbi.

Maandishi ukutani Newport

Wimbo mkubwa wa bendi ya Manic Street Preachers, A Design for Life wa mwaka 1996, ulichochewa na maneno yaliyochongwa kwenye ukuta wa maktaba moja ya mtaani Newport, Wales. Ulifika nafasi ya pili nchini Uingereza. Mwaka 2009 maktaba kuu mpya ya Cardiff ilipofunguliwa rasmi, walioitwa kuifungua walikuwa bendi hiyo, watoto wa eneo la jirani la wachimba makaa.

Albamu mbili kwenye kanda moja

Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ndiyo iliyomfanya mwenye kadi ya maktaba awe tajiri. Kanda ya dakika 90 ilimeza albamu mbili za kawaida, moja kila upande: ukaazima Ijumaa, ukarekodi usiku, ukaandika majina ya nyimbo kwa kalamu kwenye karatasi ya kasha, ukarudisha santuri bila mkwaruzo. Kampuni za Uingereza ziliingiwa na hofu. Mwaka 1981 zikaanzisha kampeni yenye picha ya kaseti iliyogeuzwa fuvu, kuonya kwamba kurekodi nyumbani kunauua muziki. Haukufa. Kwa muziki mbadala kanda hizo ndizo zilizokuwa redio yake, na yeyote aliyewahi kurekodiwa kanda na rafiki hapa Afrika Mashariki anaujua utamu wake bila kuelezwa.

Maktaba inayolipa bendi za mtaani

Mwaka 2012 maktaba ya umma ya Iowa City ilianza kuwalipa wanamuziki wa mji huo dola 100 kwa albamu, nayo ikapata haki ya miaka miwili ya kuwapa wenye kadi nyimbo hizo wazipakue bure. Miji mingine ikaiga wazo hilo kwa namna zake. Seattle ilianza mpango wake, Playback, mwaka 2016. Hapa maktaba haisubiri bendi ipate umaarufu ndipo inunue. Inakwenda kwa wapigaji wakiwa bado wanafanyia mazoezi gereji, na inawalipa.

Gitaa kwenye jengo la vitabu

Oodi, maktaba kuu ya Helsinki, ilifunguliwa Desemba 5, 2018, mkesha wa sikukuu ya uhuru wa Finland. Ndani yake kuna studio za muziki. Unaweza kuingia kusoma gazeti ukatoka umerekodi wimbo.

Namba 781.66

Katika mfumo wa Dewey, ambao ndio unaopanga vitabu katika maktaba nyingi duniani, muziki wote hukaa chini ya namba 780. Jazi ni 781.65, roki ni 781.66, rege ni 781.646 na hip-hop ni 781.649. Mfumo wenyewe ni wa mwaka 1876, lakini sehemu ya muziki ilipangwa upya kabisa katika toleo la 20, mwaka 1989. Namba hizo haziangalii mauzo. Aliyeuza albamu moja na aliyeuza milioni hukaa rafu moja, bega kwa bega, na mkono unaotafuta mmoja unaweza kumgusa mwingine kwa bahati.

Maktaba Kuu ya Taifa ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, nayo hufuata mfumo huu. Basi ukipita hapo, au maktaba yoyote iliyo karibu nawe, usiishie kwenye vitabu vya mitihani. Mwombe mkutubi akuonyeshe rafu ya 780. Na kama nyumbani kwenu kuna kanda za bendi ya mtaani, za taarabu ya harusi au za kwaya ambazo hazipatikani tena popote, usizitupe: andika juu ya kasha nani anapiga, wapi na mwaka gani, kisha uiulize maktaba yako kama itazipokea.